God of War Ragnarök: nunua mchezo, usinunue ushahidi wa kushindia ubishi

Katika mchezo wa video God of War Ragnarök, mkono wa Tyr, mungu wa vita, ndio unaoanzisha kelele kila mara. Kijana ameshika maneti, kile kidude cha kuchezea, anasimamisha mchezo na kuuliza: mungu huyu si aling'atwa mkono na Fenrir, yule mbwa mwitu mkubwa? Mbona humu ana mikono yote miwili? Wa pembeni anamjibu kwamba hicho ndicho kidokezo, tulipaswa kujua mapema kuwa huyu si Tyr bali ni Odin, mkuu wa miungu, aliyejivika sura yake. Jibu linapendeza, chumba kizima kinapiga makofi, na si kweli. Tyr halisi, utakayemkuta gerezani Niflheim, moja ya dunia za mchezo, ukirudi huko baada ya hadithi kuu kwisha, naye ana mikono miwili. Ndani ya mchezo huu Fenrir hakumng'ata Tyr, basi.

Hapo siri kubwa imeshamwagika, kwa hiyo asiyeumaliza aamue sasa kama anaendelea kusoma. Mwenye haraka na achukue hili: God of War Ragnarök, uliotoka tarehe 9 Novemba 2022 kwa PlayStation 4 na PlayStation 5, una thamani ya pesa yake, zaidi kwa aliyekwisha kucheza ule uliotangulia, wa 2018. Ila ukiubeba kama kitabu cha kuwanyamazishia wenzako kuhusu miungu ya Kaskazini mwa Ulaya, mtu mmoja tu aliyesoma kurasa kumi za chanzo atakuaibisha.

Chanzo chenyewe si kile ambacho wengi wanakidhania. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Odin, Thor na Loki imetoka katika maandishi mawili ya Iceland. La kwanza ni mkusanyo wa mashairi ya kale, ambao nakala yake kuu iliandikwa mnamo 1270. La pili ni kitabu cha Snorri Sturluson, mwanasiasa na mshairi aliyefariki 1241. Alikiandika mnamo 1220 ili washairi vijana wasipoteze mafumbo ya wazee wao. Iceland nayo ilipokea Ukristo mnamo mwaka 1000. Piga hesabu: walioandika walikuwa Wakristo, miaka 200 na zaidi baada ya watu kuacha kumchinjia Thor. Sasa anayelalamika kwamba mchezo "umeharibu hadithi halisi" anamaanisha ipi? Hata zile dunia tisa zilizopangwa vizuri kwenye ramani ya mchezo, mashairi yanasema tu kwamba ni tisa. Hakuna mahali yanapozitaja zote kwa majina, moja hadi tisa. Orodha hiyo iliungwa baadaye kutoka vipande vilivyotawanyika.

Tuchukue Loki, maana ndipo ubishi unapochemka zaidi. Mchezo wa 2018 ulifunga kwa kusema kwamba Atreus, mtoto wa Kratos, yule shujaa Mgiriki tunayemchezesha, ndiye Loki. Watu wakapiga yowe: Loki mtoto wa Mgiriki? Angalia lakini jinsi fundi alivyofanya kazi. Katika vyanzo Loki anaitwa mwana wa Laufey, yaani kwa jina la mama, miongoni mwa watu waliozoea kuitana kwa jina la baba. Baba yake, Fárbauti, hasimuliwi karibu chochote, na jina lake hutafsiriwa kuwa mpigaji mkali. Basi Faye, marehemu mke wa Kratos, akafanywa kuwa Laufey, na kwenye kiti cha baba asiye na historia akakalishwa mpigaji mkali ambaye sote tunamfahamu. Ujanja huo umeheshimu chanzo kuliko filamu nyingi zinazomfanya Loki ndugu wa Thor, kwa kuwa katika vyanzo Loki alichanja damu na Odin na si ndugu wa Thor hata kidogo.

Shida ilikuja kwa watoto. Vyanzo vinasema Loki na Angrboda walizaa watatu: Fenrir, nyoka Jörmungandr, na Hel. Atreus wa mchezo ni kijana mdogo, na kumzalisha viumbe hao kungekuwa kichekesho. Kwa hiyo kuzaa kumegeuzwa kuwa kuhamisha roho. Roho ya mbwa mwitu aliyekufa inatunzwa ndani ya kisu, kisha inaingia mwilini mwa Garm, mbwa mkubwa wa kuzimu, na hapo Fenrir anapatikana. Roho ya jitu nayo inatiwa ndani ya nyoka. Katika vita vya mwisho Thor anampiga nyoka huyo kwa nguvu hadi anarushwa nyuma katika wakati. Ndiyo maana katika mchezo wa 2018 nyoka mzee alisema mtoto huyu anamfahamu. Waliokuwa wanauliza hilo kwa miaka minne walipata jibu, na jibu limeshikana vizuri. Hel amekosa nafasi kabisa. Kisa cha Loki kujigeuza farasi jike na kumzaa Sleipnir, farasi wa Odin mwenye miguu minane, nacho hakikuguswa, na mtu mzima ataelewa kwa nini.

Panapostahili sifa kubwa ni mahali ambapo jambo la kale limekuwa kitu unachokifanya kwa vidole. Draupnir ni pete ya Odin. Snorri anasema kila usiku wa tisa inadondosha pete nane zenye uzito sawa na yenyewe. Mchezo umeichukua pete hiyo na kuitia kwenye mkuki: unarusha mmoja, mwingine umeshatokea mkononi, unarusha tena, kisha unalipua yote kwa pamoja. Huhitaji maelezo ya mtu, kidole kinajua kwamba chombo hiki huzaa. Linganisha na shoka Leviathan, ambalo halimo katika hadithi yoyote ya kale ingawa wengi wanaapa limo. Ndugu mafundi Brok na Sindri wamo kweli. Nyundo ya Thor ina mpini mfupi kwa sababu Loki alijigeuza nzi akamuuma fundi kwenye kope wakati wa kufua.

Na Thor mwenye kitambi? Picha yake ya kwanza ilipoonyeshwa 2021, watu waliozoea kifua cha sinema walikasirika. Wangesoma shairi ambamo Thor amevalishwa nguo za bibi harusi ili airudishe nyundo yake iliyoibwa: mezani alimaliza ng'ombe mzima, samaki wanane na mapipa matatu ya pombe ya asali. Ndevu zake nyekundu pia ni za kale. Katika hili mchezo uko karibu na chanzo kuliko filamu. Kifo chake ndicho kimebadilishwa. Katika vyanzo anamuua nyoka, anapiga hatua tisa, anaanguka kwa sumu. Humu Odin ndiye anamuua. Katika vyanzo vilevile wanawe Magni na Modi wanabaki hai baada ya Ragnarök, yaani vita vya mwisho wa dunia, na kurithi nyundo, wakati humu walishauawa tangu 2018. Anayetaka kuujua mwisho wa hadithi ya kale asiutafute hapa.

Sasa moto. Mtu wa Goma, mji wetu ulio chini ya volkano ya Nyiragongo, ana haki ya kuwa mkali kuhusu Surtr, jitu la moto, na dunia yake Muspelheim kuliko mchezaji wa Paris, kwa sababu anajenga nyumba kwa mawe ya lava na anajua mwaka gani yalishuka. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata katikati ya mji hadi ziwani. Mei 2021 ikaja tena. Lava ya mlima huu ni nyepesi kwa sababu ina silika kidogo, hukimbia kama uji uliozidishwa maji. Lava ya Muspelheim ndani ya mchezo imekaa kama supu ya mapambo. Kratos anapigana hatua mbili kutoka ukingoni na kifua wazi, hana hata jasho. Hakuna moshi wa kukwaruza koo, na mazuku, ile hewa mbaya inayolala mabondeni na kuua mbuzi na watu bila harufu wala sauti, hakuna aliyeifikiria. Kwa macho ni pazuri. Kwa anayejua, ni picha ya kalenda.

Hata hivyo mizizi ya Surtr ni ya watu wanaoujua moto wa mlima kama sisi. Jina lake lina maana ya mweusi. Huko Iceland kuna pango refu lililochimbwa na lava liitwalo Surtshellir, pango la Surtr, na kisiwa kilichoibuka baharini kwa mlipuko wa 1963 kiliitwa Surtsey. Shairi kubwa la mwisho wa dunia, Völuspá, linasema jua litakuwa jeusi, nyota zitapotea, mvuke na moto vitaruka hadi mbinguni. Mwaka 2018 watafiti walipima tarehe ya mlipuko mkubwa wa Eldgjá huko Iceland na kupata kwamba ulianza 939, vizazi vichache tu kabla ya nchi kuwa ya Kikristo. Wakapendekeza kwamba shairi hilo linabeba kumbukumbu ya moshi ule. Ni pendekezo, hakuna aliyelifunga. Lakini msikilizaji wa hapa, anayesikia wazee wakisema kwamba roho mbaya hutupwa ndani ya Nyiragongo na nzuri hukaa Karisimbi, halimshangazi.

Ndani ya mchezo Surtr hataki kuungana na mkewe Sinmara, ingawa huo ndio utabiri. Anajichoma moyoni kwa visu vya moto vya Kratos ili mke abaki salama. Katika vyanzo Surtr hana huruma ya aina hiyo, anakuja kutoka kusini na upanga, anamuua mungu Freyr, anachoma kila kitu. Freyr wa kale anakufa kwa kuwa aligawa upanga wake akitafuta mchumba. Wa mchezo anakufa na upanga mkononi, akiuzuia moto ili wenzake wakimbie. Huyu wa mchezo ni shujaa zaidi. Yule wa kale ni binadamu zaidi, na hapa watengenezaji wamepoteza.

Ubishi wa mwisho unahusu utabiri: wengi wanaona ni udanganyifu kwamba ukuta wa majitu ulionyesha Kratos amekufa, kisha hafi. Wanasema roho ya hadithi za Kaskazini ni kwamba Odin anajua ataliwa na Fenrir na bado anakwenda vitani, kwa hiyo kumwokoa shujaa ni kuua hadithi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuna namna nyingine ya kuusoma mwisho huu, na iko hapahapa Kivu Kaskazini, upande wa Walikale, kwa Wanyanga. Mwindo, shujaa wa utenzi wao, anazaliwa kupitia kidole cha kati cha mama yake, akiwa tayari anatembea na kusema, mkononi ameshika conga, usinga wake wa mkia wa nyati. Baba yake, mtawala Shemwindo, alikuwa ameapa kwamba wake zake wote saba wazae wasichana tu. Anamrushia mtoto mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Mtoto anapona kila mara. Baadaye anamfuata baba aliyekimbilia kuzimu, huko kwa Muisa na kwa Nyamurairi mwenye moto, na anapomrudisha hamuui. Wanapatana na kugawana utawala. Kisha Mwindo mwenyewe anapozidisha kiburi na kumuua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, Nkuba anamchukua juu angani kwenye baridi mwaka mzima ili ajifunze kiasi.

Baba anayeogopa kitu ambacho mwana atakuwa. Mwenye nguvu anayefundishwa kuzizuia. Mwisho wa kupatana na kuachana kwa baraka. Kwa muundo, God of War Ragnarök unafanana na karisi (utenzi) ya Mwindo kuliko na Völuspá, bila watengenezaji kuhitaji kuijua. Somo la vyanzo linarudi palepale: toleo la Mwindo linalojulikana zaidi lilirekodiwa 1956 kutoka kwa mtambaji mmoja, She-Karisi Rureke, na watafiti Biebuyck na Mateene wakalichapisha 1969. Watambaji wengine waliimba vingine, na hakuna aliyewaita waongo.

Kasoro za mchezo wenyewe si nyingi lakini zinasumbua. Sehemu ya Ironwood, Atreus akiwa na Angrboda, inavuta miguu, na utakaa humo muda mrefu ukichuma matunda. Wenzako wanakupa jibu la fumbo kabla hujageuza kichwa, na hata mipangilio haiwanyamazishi kabisa. Vita vya Ragnarök, vilivyoahidiwa kwa michezo miwili, vinakwisha haraka kama vile pesa iliisha. Mapigano yenyewe ni bora kuliko ya 2018: maadui ni wa aina nyingi zaidi, na kila silaha ina kazi yake. Kuna ngazi tano za ugumu. Anza na ya kati, kwa sababu ile ya juu kabisa inawaongezea maadui nguvu kila unapochelewa kuwamaliza.

Kwa mnunuzi wa Birere na kwingineko mjini Goma, mambo ni haya. Toleo la PS4 ni diski mbili: moja ya kuingizia data, nyingine ya kuchezea. Diski ya mkono wa pili mara nyingi inauzwa ikiwa moja tu. Ukipewa ya kuchezea peke yake, huwezi kuuweka mchezo kwenye mashine ambayo haikuwahi kuwa nao. Fungua kasha, hesabu, geuza diski kwenye mwanga. Toleo la PS5 ni diski moja na haliingii kwenye PS4. La PS4 linaingia kwenye PS5 yenye mlango wa diski, na kulipandisha kuwa la PS5 ni dola 10 kwenye duka la Sony. Angalia nyuma ya kasha kama Kifaransa kimeandikwa, sauti na maandishi, maana matoleo ya kanda mbalimbali hayabebi lugha zilezile.

Nafasi ni tatizo la pili. PS4 ya GB 500 inakuachia kama GB 400 hivi za kutumia, na mchezo huu unakula karibu robo. Ubaya zaidi, PS4 ikipokea sasisho inanakili faili nzima upya kabla ya kufuta ya zamani, kwa hiyo inadai nafasi nyingine karibu sawa na hiyo. Ukiona ujumbe wa nafasi haitoshi wakati sasisho ni dogo, sababu ndiyo hiyo. Bila intaneti mchezo unakwenda tu kwa diski, utakosa sehemu ya Valhalla iliyotolewa bure Desemba 2023. Inafaa kulipia mega zake: ndiyo inayomrudisha Kratos kwenye madhambi yake ya Ugiriki.

Kongo haimo katika orodha ya nchi za akaunti za PlayStation. Watu hufungua za Ufaransa au Afrika Kusini, na nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye. Kadi ya malipo lazima iwe ya nchi ileile: kadi ya Marekani kwenye akaunti ya Ufaransa ni pesa iliyokaa bure. Kwa kompyuta, toleo lilitoka Septemba 2024 likidai akaunti hiyo kwa lazima, na likawa haliuzwi kabisa kwetu. Tangu mwisho wa Januari 2025 si lazima tena. Linataka GB 190 kwenye SSD, RAM ya GB 8, na kadi ya picha kama GTX 1060 ya GB 6 kwa uchache. Kwenye diski ya zamani inayozunguka picha zitakwama mlangoni.

Umeme ukikatika, mchezo hautakufa, ila usiamini sana kujihifadhi kwenyewe. Fungua menyu na uhifadhi kwa mkono kila baada ya pambano kubwa, kwani katikati ya pambano haikubali. Usiiache mashine katika hali ya kulala, izime kabisa. Ikiwaka na kuanza kukagua hifadhi yake, iache imalize hata kama ni dakika nyingi. Wanaoizima tena kwa papara ndio wanaopoteza faili. Onduleri (UPS, betri ya akiba) ya VA 650 inatosha PS5 na televizyo ya inchi 32 kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, siyo za kuendelea kucheza. Kwenye chumba cha kulipia kwa saa, mchezo huu haufai: hadithi kuu ni saa 25 hadi 30, na mwingine ataandika juu ya faili yako. Mwenye PS4 anaweza kubeba faili lake kwenye USB. Wa PS5 hawezi.

Asiyeucheza ule wa 2018 aanze nao, ni rahisi kupatikana na kwenye kompyuta unachukua GB 70 tu. Na katika yote miwili, Mimir, kile kichwa kinachosimulia hadithi, akianza kisa mkiwa mtumbwini, acha kupiga kasia. Ukishuka anakatiza, ukirudi anaendelea pale alipoachia, lakini nusu ya ubishi wa vyumbani unatokana na watu walioshuka na hawakurudi kusikia sehemu ya pili.